Bakuli la Araali

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoipata kambini Mubende,
ili wa ikulu wakiukuta waraka huu wausome polepole.
Ni mimi niliyepiga chapa barua zote mbili,
ya kumwita na ya kumfukuza,
kwa mashine ileile, yenye herufi R iliyovunjika mguu.

Alikuja Bunyaruko kwa miguu kutoka Kyenjojo,
kichwa kimenyolewa, vazi rangi ya udongo wa kichuguu:
mtoto wa Kusemererwa mchuma chai,
aliyepelekwa Sri Lanka kusomea mitambo ya kukausha majani
akarudi bila cheti, ana bakuli.
Jina la ubatizo alilitua huko.
La utawa lilitushinda ulimi.
Ikabaki empaako tu, tukamwita Araali,
naye akaitika.

Siku hizo mfalme hakuwa akipata usingizi.
Kesi ya ardhi ilimkalia kifuani kama paka.
Waganga walileta kuku, askofu mafuta,
daktari wa Fort Portal vidonge vya njano.
Araali alitandika mkeka, akasema:
zihesabu pumzi, Okaali,
kama mchungaji ahesabuvyo ng'ombe jioni.
Ikikupotea moja usipige yowe. Anza tena.
Usiku wa tatu mkoromo wa kifalme ulifika jikoni
na wapishi wakazibana midomo kwa aproni.

Basi akapewa kiti. Hakukiomba.
Alikikalia.
Mwezi wa pili mawaziri walisimama mlangoni pake, viatu mkononi.
Mwezi wa sita yeye ndiye aliyeulizwa
binti gani aposwe, kisima kichimbwe wapi,
hata fahali mwenye kidonda auzwe au asiuzwe.
Alisema kidogo. Alidondosha tone,
sisi tukalitangaza kuwa mto.

Watu husema ni ekari mia mbili za chai.
Husema ni hati iliyokutwa ndani ya bakuli,
ina jina lake, ina muhuri.
Hati hiyo niliipiga chapa mimi. Tazama R zake.
Aliyeiweka bakulini simtaji, nina watoto.

Lakini siku aliyoanguka naijua, na haikuwa hiyo.
Ilikuwa jioni, kesi imeshinda, ngoma hazikamatiki.
Sheria ya mtawa: saa sita mchana ikipita, kinywa kimefungwa.
Mfalme alimega karo kwa mkono wake,
akachovya kwenye firinda, akamnyoshea.
Ukumbi ukanyamaza hadi tukasikia taa zikinguruma.
Araali aliliangalia lile tonge
kama mtu anayetafuta jiwe la kukanyaga mtoni.
Akala.
Kisha akalamba kidole.
Tonge ningelisamehe. Kile kidole ndicho kilichoniuma.

Barua ya pili ilikuwa na mistari mitatu.
Aliisoma amesimama.
Aliweka kidole, kilekile, juu ya R,
akaniangalia kitambo,
akaikunja ndogo, ndogo kabisa.
Getini askari aliyezoea kumwambia "Araali, Araali, oraire ota?"
alimwambia, "Wewe, pita."
Kwetu, kumwita mtu bila empaako
ni kumtupia udongo akiwa bado anapumua.

Sasa anakaa nyuma ya kituo cha mafuta, njia ya Kyenjojo.
Asubuhi wanawake wa sokoni humtilia matooke.
Nimepita pale mara nyingi nikitazama mbele.
Juzi nilisimama, na chakula kwenye jani la mgomba,
cha moto, nimekibeba magotini tangu nyumbani.
Aliangalia kivuli cha nguzo ya stima.
"Saa imepita, Amooti," akasema,
akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima,
akinitaja empaako yangu.

Ikulu taa haizimwi tena. Nikichelewa ofisini
nasikia juu ya dari mtu anatembea, anahesabu,
anakosea, anapiga yowe.

Kile chakula nilikila peke yangu ndani ya gari.
Kilikuwa kimeshapoa.